Tumehubiriwa tuwe ndege mdogo; ndovu ataulizwa lini?

Karibu kila wiki, kwenye makundi ya WhatsApp ya vijana na ya kina mama wa Likoni, Kisauni na Changamwe, hupita tangazo la mhadhara wa mtandaoni. Bango huwa na jani la kijani, nyuso za wazungumzaji wanne au watano, saa ya kuanza na kiungo cha kubonyeza. Mada hazipishani sana: haki ya tabianchi, maisha endelevu, vijana na mazingira, bahari yetu na kesho yetu. Tangu janga la korona litufungie majumbani mwaka 2020, mikutano ya aina hii imekuwa ndiyo njia ya kawaida ya mashirika, vyuo na hata ofisi za serikali kuzungumza na umma kuhusu mazingira.

Wapo wanaoidharau moja kwa moja, wakisema ni porojo za watu wenye laptopu. Mimi si mmoja wao. Mhadhara wa mtandaoni humfikia mama ambaye hawezi kutoka nyumbani usiku kwenda ukumbini. Humfikia kijana wa Mtongwe ambaye hana nauli ya kwenda mjini. Humfikia hata ndugu yetu aliyeko Doha au Jeddah akifanya kazi, ambaye anataka kujua kwa nini nyumba ya mamake Kisauni inaingia maji kila mvua kubwa inaponyesha. Hayo ni manufaa, na mgala muue na haki yake mpe.

Swali langu ni jingine. Ukiusikiliza mhadhara hadi mwisho, unamwambia nani afanye nini? Hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo imetugharimu.

Kisa cha ndege na moto

Kuna kisa kinachopendwa sana kwenye mihadhara hii. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alikuwa akikisimulia, na video yake ingali inazunguka mitandaoni. Msitu unawaka moto. Wanyama wote wametoka, wamesimama kando, wameduwaa. Ndege mmoja mdogo anaruka hadi mtoni, anachota tone la maji kwa mdomo wake, analimwaga motoni, anarudi kuchota jingine. Wanyama wanamcheka: wewe mdogo hivi utafanya nini? Naye anawajibu kwamba anafanya kile anachokiweza.

Msimulizi wa mtandaoni hukomea hapo, kisha anawaambia wasikilizaji wake wawe kama yule ndege. Zima taa usiyoitumia. Beba kikapu chako sokoni. Usitupe chupa ovyo. Panda mti.

Lakini katika kisa kama Profesa Maathai alivyokisimulia, mna mnyama mwingine ambaye wengi humruka. Yupo ndovu. Ana mkonga mkubwa, angeweza kubeba maji mengi mara elfu kuliko ndege, na amesimama tu akitazama. Profesa hakumtia ndovu kwenye kisa kwa bahati mbaya. Maisha yake mwenyewe ni ushahidi. Hakuishia kupanda miti. Mwaka 1989 alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi, wakati ambapo kuipinga serikali kulikuwa na gharama kubwa. Mwaka 1999 alijeruhiwa akiutetea msitu wa Karura usigawanywe kwa matajiri. Alichota maji kama ndege, lakini pia alikwenda kumuuliza ndovu.

Sisi tumeachiwa nusu ya kisa. Tumehubiriwa sana tuwe ndege. Kuhusu ndovu, kimya.

Nani anaishi kwa israfu?

Tuyatazame mawaidha ya maisha endelevu yanavyosikika huku bara ya Mombasa. Mzungumzaji anashauri tupunguze nyama. Kuna nyumba ngapi Shika Adabu au Junda ambazo nyama huonekana Ijumaa, na pengine si kila Ijumaa? Anashauri tuache gari nyumbani na tupande usafiri wa umma. Watu wanatembea kwa miguu kutoka Bangladesh hadi viwandani Changamwe kwa sababu hata nauli ya matatu hawana. Anashauri tununue nguo chache na tuzivae kwa muda mrefu. Mitumba ya Kongowea ni nguo zilizokwisha kuvaliwa na mtu mwingine Ulaya. Anashauri tusimwage maji. Mtu anayenunua maji kwa mtungi wa lita ishirini kutoka kwa mwenye mkokoteni, akaogea, akafulia kwa yaliyobaki, kisha akasafishia choo kwa ya kufulia, hahitaji kufundishwa thamani ya tone.

Wazee wetu walikuwa na neno la haya mambo kabla ya neno endelevu kuzaliwa. Waliita kukinai. Na dini yetu imekataza israfu ya maji hata kwa mtu anayetawadha kando ya mto unaopita. Kwa hivyo mafunzo si mageni. Ila yanapelekwa kwa asiye na deni.

Hesabu zenyewe hazina utata. Wakenya ni zaidi ya milioni hamsini, yaani takriban mtu mmoja katika kila watu 150 duniani. Lakini ukichukua hewa ya kaboni inayotokana na kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe ulimwenguni, katika kila tani elfu moja, Kenya haifikishi hata tani moja. Na ndani ya hiyo sehemu ndogo ya Kenya, sehemu ya mkaazi wa kawaida wa Likoni ni ndogo zaidi. Huyo ndiye anayeambiwa aokoe dunia kwa kubeba kikapu.

Ndovu nao hawako mbali. Ukivuka na feri ya Likoni, unawaona kwa macho. Meli za mizigo zinazoingia Kilindini huendeshwa kwa mafuta mazito, na usafiri wa baharini wa dunia nzima hutoa takriban asilimia tatu ya hewa chafu yote. Mwezi Aprili mwaka 2025 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, lenye makao London, zilikubaliana mpango wa kuzitoza meli zinazochafua kupita kiwango. Ilipofika Oktoba kupitishwa rasmi, Marekani ilishinikiza mpango huo usipite, Saudi Arabia ikaleta hoja ya kuahirisha, na kikao kikapiga kura 57 kwa 49 kusogeza mbele kwa mwaka mmoja. Hilo ni jambo linalohusu bandari yetu moja kwa moja. Ni mihadhara mingapi kati ya ile iliyopita kwenye simu zenu iliyolieleza kwa Kiswahili?

Vivyo hivyo pesa. Mkutano wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ulikubali kuundwa mfuko wa kufidia hasara na uharibifu kwa nchi zinazoumia. Ulipozinduliwa Dubai mwaka uliofuata, ahadi za kwanza zilikuwa kama dola milioni 700 kwa dunia nzima. Baku mwaka 2024, nchi tajiri ziliahidi kuongoza kupatikana kwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, ilhali nchi zinazoendelea zilikuwa zikizungumzia mahitaji ya trilioni 1.3. Neno haki ya tabianchi maana yake ni hiyo: aliyewasha moto achangie kuuzima, na aliyeunguliwa afidiwe. Haliwi haki kwa kumwambia aliyeunguliwa apunguze kuota moto.

Owino Uhuru haikungoja kiungo cha Zoom

Mtu anaweza kusema: basi tufanye nini, sisi wadogo, ndovu ni wakubwa mno? Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Lipo Mikindani, eneo ambalo zamani lilikuwa ndani ya Changamwe kabla ya eneo bunge la Jomvu kukatwa.

Kitongoji cha Owino Uhuru kina watu wapatao elfu tatu. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ukutani mwa nyumba zao. Moshi ulitua juu ya mabati, maji machafu yalipita vichochoroni, na watoto wakaugua. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa kiwandani hapo, Phyllis Omido, aligundua mtoto wake mchanga ana sumu ya risasi mwilini. Hakuanzisha kampeni ya kuwashauri majirani wafunge madirisha. Alianza kuuliza: nani alikipa kiwanda hiki leseni, na nani alipaswa kukikagua?

Maswali hayo yalikuwa na bei. Mwaka 2012 yeye na wenzake walikamatwa baada ya kuandamana. Lakini kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Omido akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2016 wakaazi wakaenda mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kusema kwamba lawama si ya kiwanda peke yake. Taasisi za serikali, ikiwemo NEMA yenyewe, zina sehemu yao. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo. Wakaazi hawakurudi nyuma, wakapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 ilirejesha uamuzi wa kwanza.

Hesabu miaka. Kutoka kiwanda kuanza hadi Mahakama ya Juu kusema neno la mwisho ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa wakati moshi wa kwanza unatoka alikuwa kidato cha tatu au cha nne. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hakuna hukumu itakayoitoa risasi kwenye mifupa ya mtu. Lakini kwa upande wa somo, hakuna mhadhara uliowahi kutolewa Mombasa unaoshinda huu. Watu wa kitongoji wasiokuwa na hati za ardhi walimuuliza ndovu, na ndovu akaamriwa ajibu.

Risasi ya betri na joto la dunia si kitu kimoja, najua. Ila mti wao ni mmoja: faida inakwenda kwa mwingine, sumu inabaki kwa maskini, na aliyepewa kazi ya kulinda amelala. Mfano wa Lamu unakamilisha picha. NEMA ilipotoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 mwaka 2016, wenyeji walikwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni hiyo ilifutwa, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hapo palikuwa na makaa ya mawe, yaani tabianchi yenyewe, na kilichosimamisha mtambo ni swali dogo la haki: mliwauliza wenyewe?

Kwa nini mazungumzo mengine huuma na mengine hayaumi

Mtandao wenyewe si dhaifu. Wakenya tuliona nguvu yake mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa na tozo la mazingira kwenye bidhaa nyingi za matumizi ya kila siku, pamoja na kodi nyingine kadhaa. Kwa jina, lilikuwa jambo la kijani. Kwa mfuko wa mama wa Magongo anayenunua nepi, ilikuwa ni kumtoza ndege kwa moto wa ndovu.

Vijana waliingia mtandaoni. Walisoma mswada kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa Kiswahili, kwa lugha za mama, hata kwa sheng. Walieleza ni nani anapiga kura, lini, na kwamba kila mwananchi ana mbunge wake anayepaswa kujibu. Mswada ulipita bungeni tarehe 25 Juni, siku ambayo maisha ya vijana yalipotea na nchi haitaisahau. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Tarehe 5 Julai yeye mwenyewe aliketi kwenye mazungumzo ya sauti katika mtandao wa X, akihojiwa na vijana huku makumi ya maelfu wakisikiliza kwa wakati mmoja.

Linganisha hayo na mhadhara wa kawaida wa tabianchi. Simu ni ile ile, bando ni lile lile. Tofauti ni tatu.

Ya kwanza ni lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini mhadhara unaohusu mvuvi wa Mtongwe unaendeshwa kwa Kiingereza cha semina tangu salamu hadi dua. Mvuvi akiingia, anatoka baada ya dakika tano, na aliyeandaa anaandika kwenye ripoti kwamba jamii ilialikwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Ya pili ni mahali. Mhadhara wa video wa saa moja unameza mamia ya MB. Kwa mtu anayenunua bando la shilingi ishirini, hiyo ni bajeti ya siku kadhaa. Wakati huo huo, redio inasikika bure ndani ya kila tuktuk, na Mombasa ina Pwani FM, Radio Rahma, Baraka FM na nyingine. Uwanja wa msikiti baada ya Isha una watu, una kipaza sauti na hauhitaji kiungo.

Ya tatu, na ndiyo kubwa, ni jina la anayepaswa kujibu. Mazungumzo ya mswada yalikuwa na kifungu, tarehe na mtu. Mhadhara wa tabianchi huisha kwa kuwashukuru wafadhili na kuombana tubadili tabia. Hakuna ofisi iliyotajwa, hakuna tarehe, hakuna barua ya kuandika. Ndovu hata hakualikwa kusikiliza.

Funzo la Misali

Kabla mtu hajasema kwamba wananchi wa kawaida hawaelewi mambo haya, tuvuke hadi Pemba. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kinategemewa na maelfu ya wavuvi. Katika miaka ya 1990 uvuvi wa baruti na nyavu haramu uliyaumiza matumbawe yake. Kisiwa kilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, lakini sheria pekee haikutosha. Shirika la CARE likashirikiana na taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Uingereza iliyoanzishwa na Fazlun Khalid, na mafunzo ya dini kuhusu amana ya viumbe na ubaya wa uharibifu yakapelekwa kwa wavuvi kupitia masheikh, misikiti na madrasa.

Waliosimulia mradi ule wanaeleza kwamba wavuvi waliolipuuza tangazo la serikali waliyasikiliza maneno ya sheikh wao. Lugha ilikuwa yao, mahali palikuwa pao, na jambo lilikuwa moja, linalojulikana: baruti. Hakuna mtandao uliohitajika. Lakini pia tusisahau kwamba Misali ilifaulu kwa sababu wavuvi walipewa nafasi katika usimamizi wa kisiwa. Hawakuhubiriwa tu wakaachwa.

Hapa nakubali neno la upande wa pili, kwa sababu ni la kweli. Na sisi tuna makosa yetu. Mikoko ya hori za Tudor na Mwache imekatwa kwa mikono ya watu wetu kwa ajili ya kuni na nguzo, na ile ya Mwache ikapigwa tena na tope la mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Taka zinazoziba mitaro ya Kisauni tumezitupa wenyewe. Ndege anayetia kuni motoni hana uso wa kumlaumu ndovu.

Lakini angalia yanavyofanikiwa yanapofanywa kwa haki. Gazi, kule Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko tangu mwaka 2013, na pesa zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Watu wanaulinda mti kwa sababu mti unawalinda. Na taka nazo zina upande wa pili: jaa la Kibarani, lililokuwa aibu ya lango la mji, lilifungwa na kupambwa. Je, taka ziliyeyuka? Zilielekezwa Mwakirunge, Kisauni. Mgeni anayeingia mjini haoni tena. Anayeishi Mwakirunge anavuta moshi. Mhadhara unaomfundisha mtu wa Mwakirunge kutenganisha plastiki na maganda, bila kuuliza kwa nini taka ya mji mzima iko mlangoni pake, haujataja haki bado.

Mambo ya kuuliza, na mahali pa kuyauliza

Kwa hivyo sishauri tuifunge mihadhara. Nashauri tuipime. Tangazo linalofuata likiingia kwenye simu yako, muulize mwandaaji mambo matatu kabla ya siku kufika. Je, yatazungumzwa kwa Kiswahili, na sauti yake itatumwa baadaye kwa WhatsApp au redio kwa asiyekuwa na bando? Je, ndovu amealikwa, yaani afisa wa kaunti, wa NEMA, wa bandari au wa kiwanda, ili aulizwe mbele ya watu? Na je, tukimaliza, kuna kitu gani cha kupeleka wapi, na kabla ya tarehe gani?

Hilo la tarehe si la kubahatisha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mtaro wa Mwandoni, kisima cha Timbwani, miti ya Chaani, yote huingia au hukosa kuingia ndani ya karatasi hizo. Upo pia mpango wa kitaifa ujulikanao kwa kifupi kama FLLoCA, unaofadhiliwa na serikali, Benki ya Dunia na wahisani wengine, ambao unataka kila wadi iwe na kamati ya mipango ya tabianchi, na miradi itokane na wakaazi. Muulize mwakilishi wadi wako: kamati yetu ni kina nani, wamekaa mara ngapi, na wamependekeza nini? Ukilipata jibu hilo umefanya kazi kubwa kuliko mihadhara kumi.

Watu wa Likoni wana sababu ya ziada. Eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu linakuja na viwanda. Ajira tunazihitaji, na hakuna mwenye akili anayezikataa. Lakini kila kiwanda kikubwa lazima kifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na umma upewe muda wa kutoa maoni. Owino Uhuru inatufundisha kwamba swali linaloulizwa kabla ya leseni hugharimu barua moja, na lile linaloulizwa baada yake hugharimu miaka kumi na saba.

Na mlango wa mahakama uko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu aende mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, tena bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia. Huna haja ya kusubiri mtoto augue.

Atakayesema haya ni makubwa mno kwa watu wa kawaida, na awatazame wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini. Mwaka 2019, katika mazungumzo ya darasani, walijiuliza kwa nini mahakama kuu kabisa ya dunia haijaulizwa wajibu wa mataifa kuhusu tabianchi. Wakaisukuma hoja kwa serikali zao, nchi ndogo ya Vanuatu ikaibeba hadi Umoja wa Mataifa. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa maoni yake: mataifa yana wajibu wa kisheria kulinda mfumo wa tabianchi, na anayeukiuka anaweza kuwajibishwa, hata kwa kulipa fidia. Yalianza kama mazungumzo, kama haya yetu ya mtandaoni. Tofauti yao ni kwamba waliamua tangu mwanzo swali lao litapelekwa kwa nani.

Tuendelee basi kuchota maji kwa midomo yetu, kwa sababu ni wajibu na kwa sababu msitu ni wetu. Tupande mikoko, tuzibue mitaro, tuwafunze watoto kutotupa taka. Lakini mtu akitualika mtandaoni atuhubirie kuhusu tone letu la maji, tumpe salamu, tumsikilize kwa adabu, kisha mkono wa kwanza utakaoinuliwa uulize: na mwenye mkonga, amesemaje?